Urithi mikononi mwa wenyewe: Ayalandi na Ucheki

Viatu vyeusi vya shule vilivyovaliwa na vizazi vya wanafunzi wa Kenya na Tanzania vina asili ya Ucheki. Bata ilianzishwa mwaka 1894 katika mji wa Zlín na Tomáš Baťa pamoja na kaka na dada yake, na kutoka huko ikaenea hadi kiwanda cha Limuru. Kwa wanaofuatilia riadha, kocha wa Iten aliyemlea David Rudisha tangu ujanani ni Bruda Colm O'Connell, mtawa wa Kiayalandi aliyekuja kufundisha St Patrick's mwaka 1976 akidhani atakaa muda mfupi tu. Basi nchi hizi mbili haziko mbali nasi kama ramani inavyoonyesha. Hata hivyo zikitajwa kwetu hutajwa kwa bia: Guinness ya Dublin, pilsner ya Plzeň. Ni kweli bia ipo, na Wacheki ndio wanaoongoza duniani kwa unywaji wa bia kwa kila mtu. Lakini mchambuzi akiishia hapo atakuwa ameizunguka nyumba bila kubisha hodi.

Kinachonifanya nizitazame pamoja ni jambo jingine. Zote ni ndogo: Jamhuri ya Ayalandi ina watu milioni tano na ushee, Ucheki inakaribia milioni 11. Zote zilikaa karne nyingi chini ya mkubwa, Ayalandi chini ya Uingereza, Ucheki chini ya ukoo wa Habsburg wa Vienna. Miaka mia mbili iliyopita wananchi wake walio wengi walikuwa Wakatoliki, wakulima, wenye lugha iliyodharauliwa mjini. Leo Waayalandi wengi bado wanajiita Wakatoliki lakini lugha ya mababu imewatoka vinywani. Wacheki lugha yao ni hai kuanzia chekechea hadi mahakama kuu, na dini karibu hawana. Imekuwaje watu walioanzia mahali pamoja wakafika pande tofauti namna hii?

Jibu langu ni hili. Urithi hauokolewi na ukongwe wake, wala uzuri wake, wala sheria inayoutaja. Hudumu ukiwa mikononi mwa watu wa kawaida wanaoutumikia wiki hata wiki bila kulipwa, na huanza kudhoofika siku unapohamia mikononi mwa mwenye nguvu, hata kama mwenye nguvu huyo ni serikali yao wenyewe.

Nianze na dini, kwa sababu hapo ndipo historia za mataifa haya zilipogusana. Katikati ya Prague upo mtaa wa Hybernská, uliopewa jina la Wafransisko wa Kiayalandi walioishi pale kuanzia 1629 hadi 1786, Kaisari Joseph II alipoifunga nyumba yao. Walikuwa wakimbizi: kwao Ayalandi, serikali ya Kiprotestanti ya Uingereza iliwawinda mapadri. Aliyewakaribisha Prague alikuwa Kaisari Ferdinand II, na hapo inafaa kusimama kidogo. Miaka tisa tu kabla yake, tarehe 8 Novemba 1620, majeshi ya Kaisari huyo yalikuwa yamewashinda Waprotestanti wa Ucheki kwenye Mlima Mweupe, nje kidogo ya mji. Mwaka uliofuata viongozi 27 wa uasi waliuawa hadharani katika Uwanja wa Mji Mkongwe. Waliokataa kurudi Ukatoliki wakaikimbia nchi, na mashamba yao wakapewa watu wa upande ulioshinda. Jeshi la Kaisari lilikuwa na maofisa wa Kiayalandi pia. Jenerali Wallenstein aliposhukiwa usaliti mwaka 1634 na kuuawa mjini Cheb, kanali aliyesimamia kazi hiyo, Walter Butler, na kapteni aliyemchoma mkuki, Walter Devereux, wote walikuwa Waayalandi.

Kwa hiyo misa ileile ya Kilatini ilikuwa ngao ya mnyonge huku na fimbo ya mshindi kule. Ayalandi, sheria za kuwabana Wakatoliki zilizoanza mwaka 1695 ziliwazuia kufungua shule na kununua ardhi. Ibada zikafanyika juu ya miamba porini, watoto wakafundishwa kisirisiri vibandani na kando ya nyua. Padri alikuwa mtoto wa kijiji aliyekula walichokula wao, na kosa lake lilikuwa kosa lao. Dini iliyobebwa hivyo mgongoni na watu haikung'olewa na mtu.

Wacheki kumbukumbu yao ilibaki kwa Jan Hus, padri na mhadhiri wa Prague aliyelikosoa Kanisa akachomwa moto mjini Konstanz tarehe 6 Julai 1415. Siku hiyo mpaka leo ni sikukuu ya kitaifa, katika nchi ambayo wengi hawakanyagi kanisa lolote. Uhuru ulipotangazwa tarehe 28 Oktoba 1918, haikupita wiki umati ukaiangusha nguzo ya Bikira Maria iliyosimama Uwanja wa Mji Mkongwe tangu 1650. Nguzo ile ilijengwa kushukuru kwamba mji uliokolewa kutoka mikononi mwa jeshi la Waswidi, lakini machoni pa umati ilikuwa alama ya Vienna. Katika miaka michache iliyofuata zaidi ya watu milioni moja waliliacha Kanisa Katoliki. Mwaka 1919 sheria ikaruhusu maiti kuchomwa, na leo Ucheki ni kati ya nchi za Ulaya ambako wafu wengi zaidi huchomwa. Wapo wanaosema ukomunisti ndio ulioiua dini ya Wacheki. Siafikiani nao. Poland ilikaa chini ya mfumo huohuo miaka ileile, na makanisa yake yalijaa mpaka barazani, kwa sababu kwa Wapolandi kanisa lilikuwa upande wa anayepigwa. Ukomunisti Ucheki ulikuta mlango umeshaachwa wazi.

Na Ayalandi? Baada ya kujitawala mwaka 1922, Kanisa lililokuwa la kujificha miambani likakabidhiwa shule, hospitali, nyumba za kulelea watoto na sauti ya mwisho katika maadili ya nchi. Mwaka 2009 Ripoti ya Ryan ilianika, kwa maelfu ya kurasa, mateso ya watoto katika taasisi zilizoendeshwa na watawa. Nyumba ya mwisho ya kufulia nguo, zile walimofungiwa wasichana walioitwa wapotevu, ilifungwa mwaka 1996 tu. Ngao ikawa fimbo, na watu wakaiachia. Sensa ya 2016 ilihesabu asilimia 79 ya Wakatoliki. Ya 2022 ikahesabu 69. Kura za maoni za 2015 na 2018, kuhusu ndoa za jinsia moja na utoaji mimba, zilipita kwa wingi mkubwa dhidi ya mafundisho ya maaskofu. Msomaji anaweza kufurahia au kuhuzunika kwa matokeo hayo. Mimi nataka tuone mwendo wake. Waayalandi walichukua miaka tisini hivi kufika mahali ambapo Wacheki walisukumwa na vita moja.

Kinachobaki ni kile ambacho watu wanakishika wenyewe, na mfano ninaoupenda kuliko yote unaunganisha nchi hizi mbili moja kwa moja. Katika kanisa la Bikira Maria wa Ushindi, Prague, imo sanamu ya nta ya Mtoto Yesu, urefu wake sentimita 47, iliyotoka Hispania na kutolewa kwa Wakarmeli mwaka 1628 na mwanamke wa kikabaila, Polyxena wa Lobkowicz. Ushindi unaotajwa katika jina la kanisa ni ule wa Mlima Mweupe. Ndiyo maana Mcheki wa kawaida havutiwi sana nayo, na wanaopiga magoti mbele yake mara nyingi ni wageni. Sasa nenda vijijini Ayalandi usiku wa kuamkia harusi. Nakala ya sanamu hiyohiyo, ya plasta, itakuwa imetolewa nje bustanini na kuwekwa chini ya kichaka, ili mvua isimharibie bibi harusi siku yake. Wapo wanaoshikilia kwamba inafanya kazi vizuri zaidi ikiwa imekatika kichwa, mradi kichwa kilikatika kwa bahati mbaya, si kwa kukusudia. Hakuna askofu aliyeagiza hayo. Bibi alimfundisha mama, mama akamfundisha binti, na hata binti asiyeenda misa huitoa sanamu nje jioni ile.

Lugha nayo ilikwenda kinyume na vile yeyote angetabiri. Mwaka 1800 ofisi za Prague, maduka yenye heshima na majukwaa makubwa yalitumia Kijerumani. Kicheki kilikuwa cha wapishi, wachukuzi na wanavijiji. Hata Josef Dobrovský, padri msomi aliyeichambua sarufi ya Kicheki kuliko mwingine yeyote, aliandika kitabu chake hicho kwa Kijerumani na hakuwa na hakika kama lugha hiyo ingerudi kuwa ya usomi. Wakati huohuo mamilioni ya Waayalandi walikuwa bado wanazungumza Kiayalandi nyumbani. Mwenye kubahatisha wakati ule angeweka fedha zake kwa Kiayalandi.

Tunaambiwa kilichokiokoa Kicheki ni wasomi, na kweli walifanya makubwa. Josef Jungmann alitoa kamusi ya juzuu tano kati ya 1835 na 1839, na pale Kicheki kilipopungukiwa alikopa kutoka Kipolandi na Kirusi. František Palacký aliandika historia ya taifa. Lakini kamusi haina miguu. Waliotembea ni watu kama Matěj Kopecký, aliyefariki mwaka 1847, mchezesha vikaragosi aliyezunguka vijijini na familia yake na mkokoteni wake, akiwapa wakulima mashujaa, wafalme na mashetani waliosema Kicheki. Sanaa hiyo ya vikaragosi, pamoja na ile ya Slovakia, imo katika orodha ya UNESCO tangu 2016. Kisha agizo la elimu la Malkia Maria Theresa wa Habsburg la mwaka 1774 lilikuwa limeleta shule hadi vijijini, na darasa la chini likafundishwa kwa lugha ya wenyeji. Kijana wa Kicheki aliweza kusoma kwa lugha ya mama yake hata kabla taifa halijamtambua.

Halafu vikaja viwanda. Vijana wa vijijini walihamia Prague, Plzeň, Brno na Kladno, wakaenda na lugha yao, na miji iliyokuwa ya Kijerumani ikabadilika midomo. Kufikia 1861 Wacheki walikuwa wengi katika baraza la jiji la Prague. Naliona hili ndilo jambo zito kuliko kamusi zote: Mcheki alihama, lakini alihama ndani ya nchi yake.

Mwayalandi alihama kwa meli. Shule za serikali zilizoanzishwa mwaka 1831 zilifundisha kwa Kiingereza pekee. Mtoto alivishwa shingoni kijiti chenye kamba. Kila aliposema Kiayalandi kijiti kilikatwa alama, na jioni alama zikahesabiwa kwa viboko. Waliosoma Kenya na kuvishwa kibao kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani hawahitaji kuelezwa zaidi. Kinachouma ni kwamba wazazi wengi walikubaliana na mwalimu. Daniel O'Connell, mwanasiasa mkuu wa Wakatoliki, alizaliwa Kerry na Kiayalandi kinywani, na hakuona haya kusema kwamba Kiingereza kina faida zaidi. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu uitwao bakajani chelewa ukaingia mashamba ya viazi. Katika Njaa Kuu iliyofuata watu kama milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni moja wakaondoka, katika kisiwa kilichokuwa na watu zaidi ya milioni nane. Iliwapiga zaidi maskini wa magharibi, yaani walewale waliokuwa wakizungumza Kiayalandi. Mzazi aliyejua kwamba mwanawe ataishia Liverpool au Boston alimpa Kiingereza kama nauli. Simlaumu hata kidogo.

Tangu uhuru, ni lugha chache za Ulaya zilizopewa heshima ya kisheria kama Kiayalandi. Katiba ya 1937 inaitaja kuwa lugha rasmi ya kwanza. Ni somo la lazima shuleni, ina redio yake tangu 1972 na televisheni tangu 1996, na tangu 2007 ni lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya. Vibao vya barabarani huandikwa kwa lugha hiyo pia. Katika sensa ya 2022 watu milioni 1.87 walisema wanaweza kuizungumza. Wanaoizungumza kila siku nje ya masomo ni 71,968. Pengo kati ya namba hizo mbili ndilo ushahidi wangu mkubwa: serikali imeishika lugha kwa mikono miwili, na nyumba nyingi zimeiachia serikali kazi hiyo. Inapopanda ni pale wazazi wa mijini wanapoanzisha shule zinazofundisha kila kitu kwa Kiayalandi. Wimbi hilo lilishika kasi miaka ya 1970, na shule hizo kwa kawaida zilianza kwa kamati ya wazazi na chumba cha kuazima. Wizara ilifuata nyuma.

Linganisha na hurling, mchezo wa Waayalandi wa gongo na mpira. Hakuna katiba iliyoutaja. Tarehe 1 Novemba 1884 watu wachache walikutana katika hoteli moja mjini Thurles wakiongozwa na mwalimu Michael Cusack, wakaunda Chama cha Michezo ya Kigaeli, GAA, wakaegemeza kila kitu kwenye parokia. Unachezea klabu ya kwenu, na ukiwa hodari sana unachezea kaunti yako. Hulipwi mshahara. Fainali huchezwa Croke Park, Dublin, uwanja wa watu zaidi ya 82,000, na anayebebwa juu juu Jumapili anaweza kuwa darasani Jumatatu akifundisha hesabu, au juu ya ngazi akifunga nyaya za umeme. Mpira mdogo wa ngozi hupigwa hewani kwa gongo bapa lililopinda, kwa kasi ambayo macho ya mgeni huchelewa kuifuata. Tarehe 21 Novemba 1920 askari wa Uingereza waliingia uwanja huohuo wakafyatua risasi wakati wa mechi ya soka la Kigaeli na kuua watu 14, akiwemo mchezaji Michael Hogan wa Tipperary, ambaye jukwaa moja lina jina lake. Klabu ya parokia ndiyo humsomesha mtoto mchezo, ndiyo husimamia maegesho siku ya mazishi, na hata huko Sydney au Dubai ndiyo humtafutia kijana aliyehama kitanda na kibarua.

Gongo lenyewe hutengenezwa kwa mti wa ash. Fundi hulichukua shina kule chini kabisa linapopanuka kuingia mizizini, kwa sababu hapo nyuzi za mbao zimepinda zenyewe, na gongo lililochongwa kufuata mpindo huo halivunjiki upesi. Mwaka 2012 ugonjwa wa ukungu unaoua miti hiyo uligunduliwa Ayalandi, na sasa misitu mizima inakauka. Mafundi wanajaribu mianzi na plastiki. Wazee wanalalamika kwamba mlio si uleule, watoto wanaendelea kucheza.

Wacheki waliunda kitu cha jamaa mapema zaidi. Sokol, chama cha mazoezi ya viungo, kilianzishwa Prague mwaka 1862 na Miroslav Tyrš na Jindřich Fügner, watu wawili waliozaliwa katika familia zilizozungumza Kijerumani wakachagua Ucheki baadaye. Kila mji ukajijengea ukumbi wake, na mpaka leo ukipita miji midogo utaliona jina la chama ukutani. Vienna ilikipiga marufuku mwaka 1915, Wanazi mwaka 1941. Mwaka 1948, miezi michache baada ya wakomunisti kutwaa madaraka, wanachama wa Sokol waliandamana mbele ya jukwaa la Rais Gottwald wakageuza nyuso zao upande wa pili. Chama kikavunjwa. Serikali ikachukua mazoezi yaleyale, uwanja uleule wa Strahov, makumi ya maelfu ya watu wakiinua mikono kwa pamoja, na kuanzia 1955 ikayaita Spartakiáda. Ilikuwa na fedha zote na mabasi yote. Utawala ulipoanguka mwaka 1989, Spartakiáda ikatoweka, na mwaka 1990 Sokol ikafungua tena kumbi zake. Mazoezi yalikuwa yaleyale. Mwenye nayo ndiye aliyekuwa tofauti.

Jumba la Taifa la Maonyesho ya tamthilia, Prague, nalo lilisimama kwa namna hiyo. Mawe ya msingi yaliletwa mwaka 1868 kutoka milima mbalimbali ya nchi, na jingine likatumwa na Wacheki wa Chicago. Jumba lilifunguliwa Juni 1881 na mwezi Agosti likaungua. Ndani ya siku 47 ilichangwa fedha mpya kiasi cha gulden milioni moja. Makabaila walitoa, Kaisari naye alitoa, lakini vilivyoingia kwa wingi ni vijisenti vya watu wa chini, na likafunguliwa tena tarehe 18 Novemba 1883. Juu ya jukwaa yameandikwa maneno ya Kicheki yanayosema kwamba ni zawadi ya taifa kwa taifa lenyewe.

Maisha ya kila siku ya Wacheki yana upande ambao wageni wa Prague hawauoni. Ijumaa mchana barabara za kutoka jijini hujaa; watu wanakwenda kwenye vijumba vyao vya mashambani, kukata kuni, kupanda nyanya, kuokota uyoga. Kuokota uyoga kwa matumizi ya nyumbani kunaruhusiwa hata katika msitu wa mtu binafsi, na mtoto wa miaka saba anajua upi unaliwa na upi unaua. Tabia hii ilikua sana baada ya majeshi ya Mkataba wa Warsaw kuivamia nchi Agosti 1968. Mtu asiye na la kusema hadharani alijijengea kibaraza ambako angeweza kusema na marafiki. Lakini haifai kulisifu jambo hili nusu. Nyingi za nyumba hizo kongwe, hasa mipakani, zilikuwa za Wajerumani waliozaliwa humohumo. Karibu milioni tatu kati yao walifukuzwa baada ya 1945, wengi kwa ukatili, wakiwemo wasio na hatia yoyote. Makabati yao, mapipa yao na miti yao ya matunda ndiyo iliyowapokea wenyeji wapya. Urithi wa mmoja umekaa juu ya urithi wa mwingine, na ni katika miaka ya karibuni tu ndipo Wacheki vijana wameanza kuyasafisha makaburi yenye majina ya Kijerumani.

Krismasi yao huniaminisha zaidi. Siku chache kabla ya tarehe 24 Desemba mapipa makubwa ya maji huwekwa barabarani, ndani yake samaki wazito walio hai waitwao kapr. Wengi wametoka mabwawa ya Třeboň, likiwemo Rožmberk lililokamilika mwaka 1590. Muuzaji mwenye aproni ya mpira humchota kwa wavu, humpima, hukuuliza kama amuue au la. Familia nyingine humpeleka nyumbani akiwa hai, akakaa bafuni mpaka watoto wampe jina, na baba akapata shida ya kumchinja. Huliwa amekaangwa, pamoja na saladi ya viazi, na gamba lake moja huwekwa ndani ya pochi ili pesa isikauke mwaka mzima. Mlo wa samaki ulianza kwa sababu mkesha huo ulikuwa siku ya mfungo. Zawadi huletwa na Ježíšek, yaani Yesu mdogo. Miaka ya 1950 serikali ilijaribu kumweka mahali pake Babu Baridi wa Kirusi, kwa redio, sinema na hotuba ya kiongozi. Watoto wa wasioamini Mungu waliendelea kumsubiri Ježíšek, na Babu Baridi akasahaulika.

Kwa Waayalandi nguvu ya namna hiyo iko msibani. Redio za kaunti husoma matangazo ya vifo kila siku, na mtu wa Mwambao au wa Bara aliyekulia na matangazo ya aina hiyo angejisikia yuko kwao. Maiti hulala nyumbani usiku mmoja au miwili, jeneza wazi. Majirani huja na mikate, keki na mabirika ya kuazima. Viti hutoka ukumbi wa klabu. Wageni hupanga foleni, humshika mkono kila mfiwa, husema maneno machache yaleyale, kisha hukaa jikoni na kumzungumza marehemu mpaka usiku wa manane, na kicheko si kosa. Kuzika huwa siku ya tatu hivi. Mapadri wamepungua mno, mara nyingine mmoja anahudumia parokia kadhaa, na foleni ile haijafupika. Ukimuuliza Mwayalandi aliyekosana na Kanisa kama atakosa msiba wa jirani, atakushangaa.

Muziki ni vivyo hivyo. Kwenye baa za Clare au Galway wapigaji hukaa kuzunguka meza, si jukwaani. Mwenye fidla huanza wimbo bila kuutaja, wa filimbi akiutambua anaingia, wa zumari ya mfuko anafuata, na asiyeujua ananyamaza na kusikiliza. Mtoto wa miaka 12 huachiwa nafasi sawa na mzee wa 70. Tangu 1951 chama cha wanamuziki, Comhaltas, kimekuwa na matawi yanayofundisha jioni katika kumbi za vijiji kwa ada ndogo, ndiyo maana vijana hawakosi.

Ndiyo maana nina neno kuhusu Gaeltacht, zile tarafa za Donegal, Connemara na Kerry ambako Kiayalandi bado ni lugha ya jikoni. Serikali ina wakala wake huko tangu 1980, na imeleta viwanda, ruzuku na vibao. Wakati huohuo nyumba za pwani zinanunuliwa na watu wa mijini kwa ajili ya likizo au kukodishwa watalii, bei zinapaa, na kijana wa pale anayeomba kibali cha kujenga kwenye shamba la baba yake anazungushwa miaka. Anayeshindwa anapanga chumba Galway mjini au anakata tiketi ya Australia, na huko watoto wake watakua na Kiingereza. Ningekuwa na kura katika bunge la Dublin ningeipeleka kwenye nyumba kabla ya kitu kingine chochote: vibali vya haraka kwa wazungumzaji, viwanja vya bei wanayoimudu, na kikomo cha nyumba za likizo katika vijiji hivyo. Wazazi wa Connemara wanazungumza na watoto wao kwa Kiayalandi bila kulazimishwa na mtu. Wanachokosa ni paa la kuwazungumzishia chini yake.